Kupokea Wimbo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la watu 11. Kazi yetu ilikuwa moja: kila Ijumaa, siku ambayo albamu mpya hutoka, tulichagua moja au mbili, tukazisikiliza, na kabla ya magharibi kila mtu alitoa hukumu yake kwa alama, kati ya 10, pamoja na sentensi mbili tatu za kujitetea. Wengi walikuwa watu wa hip-hop. Wawili, mimi nikiwa mmoja wao, tulipenda pia muziki ule unaoitwa indie, wa bendi zenye lebo ndogo, magitaa na sauti zisizojali sana kupendeza. Hakukuwa na zawadi. Aliyeheshimika ni yule aliyewahi kusema leo jambo ambalo wengine wangelisema kesho yake.

Ijumaa ya tarehe 3 Agosti 2018 zilitoka albamu mbili kwa mpigo: Astroworld ya Travis Scott na Swimming ya Mac Miller. Kundi zima lilikimbilia ya kwanza. Mimi nilisikiliza zote, ya pili nikiwa tayari nimechoka, masikio yamejaa kelele za ile ya kwanza. Swimming nikaipa 7. Niliandika kwamba ni nzuri lakini inasinzia, kwamba jamaa anaimba zaidi kuliko anavyochana, na kwamba besi inafanya kazi ambayo mistari ingepaswa kuifanya. Nikaweka simu chini, nikaenda kula.

Siku 35 baadaye, Ijumaa nyingine, tarehe 7 Septemba, Mac Miller alikutwa amefariki nyumbani kwake Los Angeles. Alikuwa na miaka 26. Usiku ule niliirudia albamu nzima gizani, na kesho yake asubuhi nikaandika kwenye kundi kwamba nabadili hukumu yangu: 9. Mmoja wetu akaitafuta hukumu yangu ya Agosti, akaibandika, na chini yake akaandika: "Kuna wimbo umeongezwa?"

Ulikuwa utani, na kundi likacheka jinsi watu wanavyocheka msibani, chinichini. Lakini mimi sikuweza kulijibu. Hakukuwa na wimbo ulioongezwa. Zilikuwa zile zile 13, kuanzia "Come Back to Earth" hadi "So It Goes", na besi ilikuwa pale pale. Kama mwezi Agosti zilistahili 7, nani aliziongezea 2 mwezi Septemba? Na kama zilistahili 9 tangu mwanzo, mimi nilikuwa nasikiliza nini?

Nimekaa na maswali haya mawili muda mrefu, na kila moja linanishitaki kwa kosa lake. La kwanza linasema kwamba nilimlipa mtu kwa kufa. La pili linasema kwamba mtu alinieleza hali yake, mimi nikamsahihisha uimbaji.

Nianze na la kwanza, kwa sababu ndilo jepesi kidogo. Kwetu marehemu husifiwa. Kabla ya kuzika husomwa wasifu, na katika wasifu hakuna mlevi, hakuna mkorofi, hakuna aliyekopa asilipe. Sioni ubaya wowote hapo. Wasifu unasomwa kwa ajili ya waliobaki, na kila aliyeketi chini ya turubai anajua kwamba hapo si mahakamani. Lakini alama ni kitu kingine. Nikisema albamu hii ni 9, ninadai jambo kuhusu kazi yenyewe, jambo ambalo lingekuwa kweli hata kama aliyeitengeneza angekuwa mzima, amekaa kibarazani anakula chungwa. Nilichofanya asubuhi ile ni kutoa rambirambi kwa kutumia karatasi ya mtihani.

Na rambirambi ya namna hiyo ina madhara. Mac Miller alikuwa na miaka 19 alipotoa albamu yake ya kwanza, Blue Slide Park, mwaka 2011. Ilishika namba moja Marekani bila lebo kubwa nyuma yake, na Pitchfork, jarida la mtandaoni lililokuwa likisomwa sana na wapenzi wa muziki wa aina hii, likaipa alama 1.0 kati ya 10. Kijana alichekwa. Kisha akakaa miaka saba akijifunza: akabadili sauti, akapiga vyombo mwenyewe, akajizungushia wanamuziki waliomzidi, akaimba kwa koo ambalo si la mwimbaji mpaka likawa lake. Swimming ilikuwa matunda ya kazi hiyo. Mtu aliyetaka kumtendea haki alipaswa kuisikia kazi hiyo tarehe 3 Agosti, siku ambayo masikio ya mhusika yalikuwa bado yanaweza kupokea jibu. Alama mbili nilizoongeza Septemba hazikumfikia mtu. Zilinifikia mimi, nikajiona mwenye huruma.

Kuna dhara la pili. Baada ya kifo nilianza kusikia kila mstari kama utabiri. Kwenye video ya wimbo "Self Care", iliyotoka mwezi Julai mwaka ule, anaonekana amelala ndani ya jeneza, anachonga kwa kisu kwenye ubao ulio juu ya uso wake maneno ya Kilatini ya kumkumbusha mtu kwamba atakufa. Mwezi Septemba kila mtu aliituma video ile na kuandika: alijua. Walichosahau wengi ni kwamba kwenye video ile ile anauvunja ubao kwa ngumi na kutoka. Tulilichukua jeneza, tukaiacha ngumi. Tarehe 6 Agosti lilirushwa onyesho lake dogo la Tiny Desk, ofisini kwa redio ya NPR, Thundercat akiwa kwenye besi katika wimbo mmoja, na wapiga fidla wakiingia kwenye "2009". Ukilitazama bila kujua kitakachofuata, unamwona kijana aliyetulia, anayetania, anayeyatazama makosa yake ya zamani bila kuyakana. Nikisema alikuwa anaaga, nitakuwa nimeisingizia siku ile. Wachunguzi walisema kifo chake kilikuwa ajali, mchanganyiko wa fentanyl, kokeini na pombe, na baadaye watu waliohusika na vidonge bandia alivyouziwa walifungwa. Wimbo haukumuua, wala haukutangaza kifo chake. Mtu alikuwa anajifunza kuelea, na kuna kilichomvuta chini ambacho hakikuwa kwenye wimbo.

Kwa hiyo kwenye shitaka la kwanza nakiri kosa, na dawa yake naiona: kifo kisiguse alama. Ningekuwa nimeishia hapo kama isingekuja Ijumaa ya mwaka uliofuata.

Tarehe 12 Julai 2019 ilitoka albamu iitwayo Purple Mountains, jina ambalo pia lilikuwa la bendi. Mwenyewe alikuwa David Berman, Mmarekani wa miaka 52, mshairi aliyewahi kuchapisha diwani iitwayo Actual Air mwaka 1999, na kiongozi wa bendi ya Silver Jews aliyoivunja mwaka 2009 baada ya onyesho la mwisho lililofanyika pangoni huko Tennessee. Alikaa kimya miaka kumi. Sasa alikuwa amerudi na nyimbo 10, akisaidiwa na watu wa bendi ya Woods. Kwenye kundi letu tulikuwa wawili tu tuliomjua, na tulimsubiri kama watoto wanavyomsubiri mjomba kutoka safari.

Niliisikiliza ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, foleni imekaza, hedifoni masikioni. Na nilicheka. Sisemi nilitabasamu, nilicheka mpaka mama aliyekaa pembeni yangu akanigeukia na kuuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Nikamwambia, "Wimbo tu, mama." Berman alikuwa na kipaji hicho: alieleza kuvunjika kwa ndoa yake, urafiki unaopotea, kifo cha mama yake, na ndani ya kila ubeti akaweka kina kinachokutekenya. Magitaa yanang'aa, kinanda kinarukaruka, ngoma inatembea kama mtu anayekwenda sokoni mapema. Wimbo mmoja unaitwa "All My Happiness Is Gone". Jina lenyewe limemaliza yote: furaha yangu yote imekwisha. Na wimbo huo una mahadhi ambayo ungeweza kuyapigia mluzi ukiwa unafua.

Nikaipa 9, safari hii siku ile ile. Nikaandika kwamba jamaa ana utani mtamu kuliko wote walio hai, na kwamba huzuni haijawahi kuchekesha namna hii. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba sasa nimejifunza kusikia mapema.

Tarehe 7 Agosti, siku 26 baadaye, siku chache kabla ya ziara yake kuanza, David Berman alijiua.

Hapa shitaka la pili likaja na uzito wake wote. Safari hii sikuweza kusema kwamba ni ajali isiyohusiana na nyimbo. Mtu alikuwa amesema, kwa Kiingereza chepesi, kwa sauti isiyofichwa na mwangwi wowote wa studio, kwamba hana furaha tena. Alikuwa ameeleza pia hadharani, nje ya nyimbo, kwamba sonona yake ni ya miaka mingi na haisikii dawa. Mimi na maelfu ya wenzangu tuliosikia tukasema: aisee, kina kizuri.

Je, tulikosa?

Kuna utetezi, na si wa kupuuza. Wa kwanza kila aliyefundishwa ushairi shuleni anaujua: anayesema ndani ya shairi si lazima awe mtunzi. Tuna neno lake, nafsineni. Mwalimu alitukata alama tukiandika "mshairi amefiwa" badala ya "nafsineni amefiwa", na alikuwa sahihi. Rapa anayeimba kuhusu bunduki huenda hajawahi kushika hata manati. Kusoma kila wimbo kama cheti cha hospitali ni kumvunjia heshima mtunzi, kwa maana unamnyima ufundi wake. Unadhani alijeruhiwa tu, damu ikajipanga yenyewe kwa vina na mizani. Berman aliandika na kufuta kama fundi. Utani ule ulikuwa kazi, na aliyeucheka alikuwa ameifikia kazi mahali ilipokusudiwa.

Utetezi wa pili ni umbali. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere. Ningemfanyia nini mtu aliyeko Marekani ambaye hajui kwamba nipo? Alikuwa na marafiki, na wanamuziki wenzake walikuwa wakijiandaa kusafiri naye. Hao waliokuwa karibu hawakuweza kumzuia. Mimi kujiona kwamba ningemwokoa kwa kusikiliza vizuri zaidi ni majivuno yaliyovaa kanzu ya toba. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walisema wahenga, na maumivu mengine ni hivyo hivyo: yanajulikana na aliyenayo, na ya nje ni makisio.

Nakubali utetezi wote wawili. Naongeza hata wa tatu, ambao ni dhidi yangu: majuto ya msikilizaji wa mbali ni rahisi mno. Hayagharimu nauli. Nililia kidogo kwa ajili ya Berman, nikajisikia mtu mwema, na kulia kule kulikuwa na utamu wake, kama ule wa nyimbo zenyewe. Nilikuwa nimeburudika na huzuni yake alipokuwa hai, na sasa naburudika na huzuni yangu juu ya kifo chake.

Lakini pamoja na utetezi huo wote, kitu hakikukaa sawa, na ilinichukua muda kukipata. Kilikuwa kwenye neno letu moja.

Kwetu wimbo hupokelewa. Kiongozi anatoa, wengine wanapokea. Ndivyo ilivyo kwenye ngoma, kwenye kaswida, kwenye kwaya, kwenye nyimbo za kulima na kuvuta nyavu. Asipopokelewa, wimbo unamfia kinywani na anabaki amesimama peke yake. Na neno hilo hilo ndilo tunalotumia mtu akija na mzigo: mpokee. Hujauliza ndani kuna nini, wala hujasema kama kikapu kimesukwa vizuri. Unanyoosha mkono kwanza. Ndilo tunalotumia kwa mgeni pia. Kwenye mbolezi, wimbo wa kilio, wanaopokea hawaulizi kama anayeongoza ni mfiwa wa kweli au ni hodari wa kuimba. Anaweza kuwa vyote viwili. Wanapokea, na kwa kupokea wanabeba.

Sasa fikiria hedifoni. Wimbo unaingia sikioni, na hakuna kiitikio kinachotoka. Msikilizaji wa leo ana njia moja tu ya kupokea, nayo ni kutoa maoni: nzuri, mbaya, 7, 9, alama za moto. Hatukufanywa kuwa wakatili. Tulipewa tu mlango wa kuingilia bila mkono wa kunyoosha, na baada ya muda mkono unasahau. Nilikuwa nimekuwa hodari wa kukagua vikapu.

Kuna wimbo kwenye albamu ya Berman uitwao "Snow Is Falling in Manhattan". Theluji inaanguka mjini, na mlinzi wa nyumba mwenye moyo mwema anamfungulia mtu mlango, anamlaza karibu na moto. Halafu wimbo unageuka, unajieleza wenyewe: unasema, kwa maneno yake, kwamba wimbo ni chumba, kwamba mtunzi ni mwenyeji aliyekwisha kuondoka, na wewe unayesikiliza ndiye mgeni uliyehifadhiwa. Ni wimbo wa ukarimu kuliko yote niliyosikia kwake. Mtu asiyekuwa na pa kujihifadhi alijenga mahali pa kuhifadhi wengine. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku zote niliichukua methali hiyo kama habari ya chakula: mgeni akija, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumbani nao hula. Baada ya Agosti ile nikaanza kuisikia vinginevyo. Inadai kwamba mwenyeji naye ni mgonjwa. Inadai kwamba anayefungua mlango anahitaji kitu kutoka kwa anayeingia.

Na kuna jinsi tunavyosalimiana. Mtu anaulizwa, "Habari za nyumbani?" Anajibu, "Nzuri." Halafu baada ya kupumua kidogo: "Ila tumefiwa." Mgeni wa lugha hushangaa, nzuri vipi na mmefiwa? Lakini sisi tunajua kwamba "nzuri" ni mlango, na habari zenyewe zinaanza baada ya "ila". Adabu ya anayeuliza ni kungoja hapo, asikimbie na "nzuri" yake. Nadhani mahadhi yale yanayorukaruka ya Purple Mountains, na besi ile ya Swimming inayobembeleza, yalikuwa "nzuri". Sikukosea kuyafurahia. Nilikosea kuondoka kabla ya "ila".

Haya yangebaki mawazo ya mtu mwenye bando la intaneti na muda wa kupoteza, kama nisingekuwa nimefanya jambo lile lile karibu na nyumbani.

Mtaani kwetu kuna kijana anachana. Amerekodi nyimbo kadhaa kwenye studio ya chumbani kwa rafiki yake, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Ananiita kaka kwa sababu nimemzidi umri na kwa sababu kila akirekodi hunitumia mimi kwanza. Siku moja, baada ya Berman, baada ya majuto yangu yote, alinitumia wimbo usiku. Haukuwa na kiitikio. Ulihusu mtu aliyefunga mlango, anawasikia wenzake wakipita nje wanamwita, naye anahesabu hatua zao mpaka zinapotea. Nilisikiliza mara mbili. Nikamjibu kwamba biti ni kali, kwamba ubeti wa pili umepungua mizani kwenye mstari wa tatu, na kwamba sauti ingesogezwa mbele kidogo ya ngoma. Nikaweka alama tatu za moto. Akajibu, "Poa kaka, nimekupata."

Tulikuja kuonana miezi kadhaa baadaye, kwenye arobaini ya jirani. Alikuwa amekonda. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, sahani za pilau magotini, nikamuuliza kuhusu muziki, akasema ameacha kwa muda. Kisha, bila kunitazama, akaniambia kwamba wakati ule alipotuma wimbo alikuwa na wiki mbili hajatoka chumbani. Mama yake alikuwa anamwachia chakula mlangoni. "Na wewe ukanirekebishia mizani," akasema, akacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu yeye alicheka kwanza na sikujua la kufanya.

Nilimwambia samahani. Nikamwambia ningepaswa kupiga simu. Akatafuna, akafikiri, kisha akasema jambo ambalo limenisaidia kuliko vitabu: "Ungenipigia ukaniuliza kama naumwa, ningekasirika. Ningeona hukuusikia wimbo, umemsikia mgonjwa." Akanyamaza. "Ila ungenipigia tu."

Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi. Mwanzoni niliona yanapingana. Sasa naona ni sentensi moja, na "ila" ipo pale pale inapokaa siku zote. Alitaka nimwambie kuhusu mstari wa tatu. Mstari wa tatu kweli ulipungua mizani, na asingemheshimu mtu ambaye angejifanya hakuona. Na alitaka sauti ya mtu. La kwanza lilimtambua kama fundi. La pili halikuhitaji kumtambua kama kitu chochote, lilihitaji tu kuuliza "u hali gani?" na kungoja. Kosa langu ni kwamba nilidhani nikishatoa la kwanza nimemaliza.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kama tulikosa ni hili. Kwa Mac Miller na David Berman, ambao nisingeweza kuwafikia, deni langu lilikuwa la usikivu tu: kuisikia kazi siku inapotoka kana kwamba anayeimba bado anangoja kuitikiwa, na nisiitumie huzuni yao, wala kifo chao, kujipamba. Deni hilo ni dogo, na bado sikulilipa vizuri. Lakini deni kubwa linaanza pale ambapo namba ya simu ninayo. Nyimbo za watu wa mbali zinatufundisha sikio, na sikio hilo lina kazi nyumbani. Mtu anayelia na albamu ya Marekani usiku, asubuhi akampita jirani kwa "nzuri" moja, hajajifunza lolote kutoka kwenye albamu ile.

Tarehe 17 Januari 2020 ilitoka Circles, albamu ambayo Mac Miller aliiacha haijakamilika. Jon Brion, ambaye walikuwa wakifanya naye kazi, ndiye aliyeimalizia, kwa ridhaa ya familia. Nilisita kuisikiliza. Je, si kuchungulia kwenye nyumba ya mtu asiyeweza kufunga mlango? Kisha nikakumbuka nyumba nyingi tulizonazo mitaani zilizofikia lenta mwenye nyumba akafariki, na ndugu wakaja wakapaua. Tunajua tofauti ya ndugu anayefuata ukuta ulivyoachwa na yule anayebomoa ili ajenge duka. Kwa masikio yangu Brion alifuata ukuta. Niliisikiliza mara moja, jioni, nikaacha simu sebuleni. Ijumaa ile kundi lilipoulizia alama yangu, nikajibu kwamba sina bado, na nikaelezwa kwamba nimezeeka.

Huenda. Tangu wakati ule sitoi alama siku ile ile. Si kwamba nimekuwa mtakatifu. Bado nacheka ndani ya daladala, na bado kuna albamu ambazo ni mbaya na nasema ni mbaya. Mtunzi anayekuletea kazi mbaya naye anastahili kuambiwa ukweli, kwa sababu kumdanganya ni namna nyingine ya kutompokea.

Mwaka jana kijana wetu alinitumia wimbo tena, wa kwanza tangu siku ile. Niliusikiliza mpaka mwisho nikiwa nimesimama jikoni. Nikampigia. Nikamuuliza habari za mama, akasema mzima. Nikamuuliza habari zake mwenyewe, akasema nzuri. Nikangoja. Upande wa pili kulikuwa na kelele za bodaboda na mtu anauza kahawa. Akasema kwamba ni nzuri ila usiku bado unakuwa mrefu, si kama zamani, lakini unakuwa mrefu. Tukazungumza kama dakika ishirini, mambo ya kawaida, kazi, mpira, bei ya umeme. Nilipotaka kuaga akanizuia.

"Na mizani je, kaka? Mbona husemi?"

Nikamwambia ubeti wa kwanza uko sawa, ila wa pili tuukalie.